Jumapili Inayofuata Pasaka

Kwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri katika nchi zenye baridi kali, majira ya kuchipua huanza kwenye daftari la mahudhurio kabla hayajaanza kwenye miti. Washirika wenye magoti mabovu, ambao barafu ya njiani iliwafungia ndani tangu Desemba, huonekana tena kwenye mabenchi ya nyuma. Watoto huingia bila makoti. Na ibada ikiisha watu hawakimbilii magari yao, husimama uani wakizungumza mpaka mtunza jengo aanze kuzichezesha funguo mkononi, akisikika vizuri bila kumsemesha mtu. Ushirika ambao wakati wa baridi ulikuwa wa simu na wa salamu za haraka mlangoni hurudi kuwa wa watu wanaoonana uso kwa uso.

Mimi ni mmoja wa wazee hao, na kila mwaka majira haya yanapokaribia, mazungumzo ya Baraza la Wazee hugeukia Pasaka: maua yaagizwe lini, kwaya iimbe mara ngapi, viti vya ziada viwekwe wapi. Sina ugomvi na viti. Ila kadiri ninavyozidi kuhudumu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kusanyiko lisipimwe kwa Jumapili ya Pasaka, ambayo hujaza mabenchi hata tukilala, na kwamba kipimo chake halisi ni Jumapili inayofuata, wakati wageni wamekwenda zao, maua yameanza kunyauka na mchungaji, kwa haki yake kabisa, amechukua likizo. Nadhani baba zetu wa imani, ambao wengi wao hawakutaka hata kusikia habari za sikukuu ya Pasaka, wangenielewa upesi kuliko wajumbe wenzangu.

Msomaji aliyelelewa katika kanisa lenye kalenda ndefu ya sikukuu huenda akashangaa kwamba Wapresbiteri waliwahi kuipinga kalenda hiyo kwa nguvu nyingi namna ile. Mwaka 1560, matengenezo ya Kanisa yaliposhinda nchini Scotland, kiongozi wake John Knox na wenzake waliandika utaratibu wa kanisa uliotaka siku takatifu zisizoamriwa na Maandiko zifutwe, Krismasi ikiwamo. Mwaka 1566 makanisa ya Uswisi yalitoa ungamo la imani lililoruhusu makanisa kuadhimisha kuzaliwa kwa Bwana, mateso yake, kufufuka, kupaa na kushuka kwa Roho Mtakatifu. Mkutano Mkuu wa Scotland, kikao cha juu kabisa cha kanisa hilo, uliusoma waraka huo, ukaukubali kwa furaha, kisha ukaweka kando kipengele hicho kimoja cha sikukuu. Mfalme James wa Sita alipolazimisha mambo hayo kupitia mkutano uliofanyika Perth mwaka 1618, akidai katika vifungu vitano, pamoja na mengine, kwamba waumini wapige magoti wanapopokea Chakula cha Bwana na waishike Krismasi, Ijumaa Kuu, Pasaka, Kupaa na Pentekoste, wengi walikaidi, na mwaka 1638 Mkutano Mkuu wa Glasgow ukavifuta vifungu vyote vitano. Mwongozo wa ibada uliotoka kwenye mkutano wa wanateolojia wa Westminster, London, mwaka 1645 ulihitimisha shauri kwa sentensi kavu: hakuna siku iliyoamriwa kutakaswa chini ya Injili isipokuwa Siku ya Bwana, yaani Jumapili.

Hoja yao ilikuwa rahisi na, kwangu mimi, bado haijajibiwa kikamilifu. Kama Kristo alifufuka siku ya kwanza ya juma, basi kila siku ya kwanza ya juma ni Pasaka, na anayeikuza moja anazipunguza nyingine zote. Walikuwa pia na Paulo upande wao, pale anapowaambia Wagalatia kwa masikitiko, "Mnashika siku, na miezi, na nyakati, na miaka." Geneva, mji wa Uswisi alikohudumu mwanamatengenezo Calvin, haikufika mbali hivyo mwanzoni, kwa kuwa kanuni za mwaka 1541 ziliweka Meza ya Bwana mara nne kwa mwaka, Pasaka na Pentekoste zikiwa miongoni mwa nyakati hizo, ingawa Calvin mwenyewe angependa watu wakaribie Meza hiyo mara nyingi zaidi. Tunaojiita watoto wake tulirithi hesabu ya mara nne tukaitunza kwa uaminifu wa ajabu, na hamu yake ya kuzidisha tukaiacha pale pale Geneva.

Kalenda ilirudi taratibu. Vitabu vya ibada vya Wapresbiteri wa Marekani vilianza kuingiza sala za siku kuu za mwaka wa Kanisa mwaka 1906, na kile cha mwaka 1993 kilikuwa na utaratibu kamili wa Jumatano ya Majivu, pamoja na kupakwa majivu kwenye paji la uso. Siwalaumu walioirudisha. Mtu aliyezika mtoto wakati wa baridi anahitaji Ijumaa Kuu, siku ambayo kanisa zima linaruhusiwa kukaa na huzuni bila kuharakisha kuiponya, na Jumapili ya kawaida haiwezi kumpa hilo. Ninachotaka ni kwamba, tunapoishika kalenda hii, tusiutupe ule wasiwasi wa zamani, kwa kuwa unatulinda dhidi ya kosa moja baya: kudhani kwamba ufufuo ni jina lingine la majira ya kuchipua.

Kosa hilo ni jepesi sana katika nchi zenye misimu minne. Tarehe yenyewe hulichochea, kwa maana Pasaka huangukia Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kwanza tangu Machi 21, hivyo haiwezi kuwa kabla ya Machi 22 wala baada ya Aprili 25, na majuma hayo ndiyo miti inapovimba macho na maua yanapotokeza kichwa udongoni. Mhubiri mchovu akitazama dirishani huona mahubiri yake yamekwisha kuandikwa. Lakini Wapresbiteri wa New Zealand na Australia huadhimisha Pasaka ile ile wakati majani yanapukutika na usiku unarefuka, wala ufufuo wao si pungufu. Mbegu huota kwa sababu ndivyo ilivyo tabia ya mbegu. Mtu aliyekufa hafufuki kwa tabia yake, na ndiyo maana wanawake walioliendea kaburi walikwenda na manukato ya kupaka maiti. Mhubiri akisema kwamba maua yanathibitisha ufufuo, mimi huinama na kuzisoma nambari za nyimbo.

Kwaresima katika kusanyiko letu ni ya kimya, na sitaieleza kwa kirefu. Wachache hupakwa majivu, wengi hukaa tu na kusikiliza, na hakuna anayehesabu nani amefanya lipi, jambo linalofaa siku ambayo somo lake ni onyo la Yesu dhidi ya kufunga ili kuonwa na watu. Neno haleluya huondolewa kwenye nyimbo. Jumatano jioni tunasoma Maandiko kwa pamoja, baada ya chakula rahisi ambacho kila nyumba imekileta kwa zamu. Kazi kubwa ya majuma hayo haionekani kanisani kabisa, kwa kuwa inafanyika katika nyumba za watu.

Zamani, kabla ya Meza ya Bwana kuandaliwa, wazee na mchungaji walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwahoji washirika. Waliuliza Katekisimu Fupi, ile iliyokamilika mwaka 1647 na yenye maswali 107, na wakauliza pia kama mtu ana ugomvi na jirani yake. Aliyeridhisha alipewa kipande kidogo cha madini ya risasi, mara nyingi kikiwa kimechongwa herufi za parokia na mwaka, na siku ya Chakula cha Bwana alikikabidhi kwa mzee kabla ya kuketi kwenye meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. Baadhi ya vipande hivyo viliandikwa pia mahali pa Maandiko panaposema, "Lakini mtu ajihoji mwenyewe." Ni vitu vidogo vya kijivu, vyepesi kupotea mfukoni, na viliwatia watu hofu ambayo leo hatuwezi kuikadiria. Kunyimwa kipande kilikuwa kunyimwa Meza mbele ya majirani wote. Sina hamu ya kuwarudisha wazee wa namna hiyo, ambao baadhi yao, tukubali, walifurahia mno kuuliza.

Lakini vipande vya risasi vilipoacha nafasi kwa kadi za karatasi katika karne ya 19, na kadi nazo zikaanza kusahaulika katika makanisa mengi, kulipotea kitu chema pamoja na kibaya, yaani mzee aliyelazimika kubisha hodi. Katika kusanyiko letu desturi hiyo imebaki kwa sura laini. Kila mzee amegawiwa nyumba kadhaa, na kabla ya Pasaka huzitembelea zote, awe na hamu au asiwe nayo. Haulizi katekisimu. Hukaa, hunywa anachopewa, husikiliza, na kabla ya kuondoka husoma Zaburi fupi kama mwenyeji ameridhia.

Katika nyumba zangu yumo mgane mmoja, fundi mstaafu, ambaye kwa muda mwingi wa ziara hunizungumzia mabomba ya maji ya mvua. Mwaka mmoja, mke wake akiwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia, tulizunguka nyumba yake yote nje, akinionyesha kila kiungio kilichopasuka kwa barafu, akigonga bati kwa kidole ili nisikie mlio wa sehemu iliyooza. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa gari aliponiuliza, akiwa bado anatazama paa, "Ndugu mzee, mtu asiyejua kama bado anaamini, anaruhusiwa kuja Mezani?"

Kwa swali hilo sikuwa na haja ya kubuni jibu. Katekisimu Kubwa ya Westminster, kitabu ambacho watu hukidhania kuwa baridi kuliko jiwe, inauliza karibu neno kwa neno alilouliza yeye, katika swali la 172, na inajibu kwamba mwenye shaka anaweza, tena yampasa, kuja, maana ahadi zimetolewa na sakramenti hii imewekwa kwa ajili ya kuwasaidia hata Wakristo dhaifu na wenye shaka. Nilimweleza hivyo kwa maneno machache. Akasema atafikiri. Pasaka hakuja. Alikuja Jumapili iliyofuata, na alinieleza sababu bila kuzunguka: siku ya Pasaka watu ni wengi mno, na kila mmoja angemuuliza hali.

Juma Takatifu lenyewe lina mwendo wake unaojulikana, kuanzia matawi ya watoto Jumapili, wanaoyageuza kuwa panga kabla hawajafika mimbarini, hadi ibada ya Alhamisi Kuu ambapo taa huzimwa moja moja kadiri habari ya mateso inavyosomwa. Wapresbiteri tunayaweza maneno kuliko ishara, na usiku huo ishara chache tulizo nazo zinatosha. Vikombe vidogo hupita kwenye masinia kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akimhudumia aliye kando yake. Kikombe cha mmoja mmoja kililetwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa hofu ya magonjwa, wala hakikuletwa kwa hoja ya teolojia, na wapo wanaokilalamikia kwamba kimemtenga kila mtu na kinywaji chake. Kwangu mimi malalamiko hayo yanasahau sinia. Ili nipate kikombe changu ni lazima jirani anishikie sinia, na kama tumekosana, ni sekunde chache zisizo na mahali pa kuangalia.

Alfajiri ya Pasaka tunakusanyika makaburini. Desturi hii tuliazima kwa Wamoravia, ambao habari zao husimulia vijana wa Herrnhut, kijiji chao huko Ujerumani, waliokwenda kuimba katikati ya makaburi mwaka 1732. Tunafika gizani tukiwa na tochi, watu wakijaribu kutokanyaga majina ya watu waliowafahamu. Mwaka uliopita tarumbeta liligoma kwa baridi. Mpigaji alilificha ndani ya koti lake wakati wa somo zima, akilipulizia pumzi kama mtu anayemfufua kifaranga, na lilipokubali kutoa sauti lilitoa noti mbili tu za wimbo, tukamalizia kwa midomo yetu. Jua, ambalo mchungaji alikuwa amelipangia litokee tukisoma Zaburi ya 118, lilichomoza wakati wa matangazo. Sijui tukio la Kipresbiteri kuliko hilo.

Ibada ya saa nne inahitaji maelezo machache. Imejaa, ina sauti kubwa, watoto wamevaa vizuri, watu ambao hatuwaoni mwaka mzima wameketi mahali pa watu wengine bila kujua, na wenye mahali hapo wamevumilia. Nawapenda wageni hao na siwahukumu. Kinachonihuzunisha ni sisi wenyeji, tunaotumia nguvu zote za majuma saba katika asubuhi moja, tukamaliza tumechoka kama watu waliomaliza harusi.

Ndipo inapokuja Jumapili ya pili. Kusoma kwa mpango, kwa makanisa yanayofuata mzunguko wa masomo uliochapishwa mwaka 1992 na kutumiwa na madhehebu mengi, kumeipatia somo lile lile kila mwaka: wanafunzi ndani ya chumba kilichofungwa kwa hofu, na Tomaso ambaye hakuwapo mara ya kwanza. Kwangu hii ndiyo habari ya Pasaka iliyo karibu zaidi na maisha ya kusanyiko. Tomaso aliikosa siku kuu. Wenzake walimwambia walichoona naye hakusadiki, na hata hivyo baada ya siku nane alikuwa pamoja nao. Yohana haelezi nani alimshawishi abaki. Hawakumfukuza kwa kutoamini kwake, naye hakuwasusa kwa kuamini kwao, wakavumiliana juma zima lenye ukimya ambao Injili haikuandika. Huo ndio ushirika ninaouzungumzia.

Kwa sababu hiyo nilipeleka hoja kwenye Baraza kwamba Meza ya Bwana na chakula cha pamoja vihamishiwe Jumapili hiyo. Utaratibu wetu hauruhusu mtu mmoja, hata mchungaji, kupanga jambo kama hilo peke yake. Baraza ndilo linaloidhinisha, mchungaji akiongoza kikao na wazee wakipiga kura kwa usawa. Tulibishana kwa heshima kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mama mmoja, mzee kunizidi kwa miaka na kwa hekima, alisema kwamba kumnyima mgeni wa Pasaka Meza ya Bwana ili kuwapongeza wanaokuja kila siku ni kumwiga yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu. Sikuwa na jibu, wala sina hadi leo. Baraza liliamua Meza iandaliwe Jumapili zote mbili, na chakula kiwe siku ya pili. Hoja yangu ilipita nusu, na nusu iliyoanguka ilistahili kuanguka.

Chakula hicho sasa ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote katika majira haya. Hakuna anayekipanga vizuri. Mwaka mmoja karibu kila nyumba ilileta kitu kitamu na tukala hivyo hivyo. Kabla yake, Jumamosi, kuna siku ya kazi: kuondoa majani yaliyooza kwenye mifereji ya paa, kupaka rangi uzio, kuchimba bustani ambayo baridi imeikaza. Mgane wangu aliteuliwa msimamizi wa mabomba bila kupigiwa kura, akawa anawaamuru vijana kutoka juu ya ngazi ambayo hakuna aliyetaka aipande. Kwa miezi alikuwa hajasema maneno mengi namna ile kanisani, na yote yalihusu misumari.

Katika majuma hayo ya Pasaka hadi Pentekoste masomo ya Agano la Kale hupisha kitabu cha Matendo, nasi husikia jinsi waumini wa kwanza walivyokuwa "wakidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali." Kudumu ndilo linalonigusa. Mei pia ni mwezi wa vikao. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland hukutana Edinburgh mwezi huo, na Mkutano Mkuu wa kwanza wa Wapresbiteri wa Marekani ulikutana Philadelphia Mei 1789. Watu hucheka kwamba sisi hata maua yakichanua tunaunda kamati. Ni kweli, na wakati mwingine kamati huamua jambo jema.

Pentekoste inapofika, siku ya hamsini, mimbari huvikwa nyekundu na sura ya pili ya Matendo husomwa kwa lugha nyingi kadiri tulivyo nazo, zote kwa pamoja, kelele tupu mpaka msomaji wa mwisho abaki peke yake. Siku hiyo vijana waliohitimu mafundisho hukiri imani yao mbele ya kusanyiko. Lakini juma moja kabla wanakuja mbele ya Baraza, kama utaratibu unavyotaka, wakiwa wamekaa wima mno kwenye viti vya watu wazima. Tunawauliza wanamwamini nani na kwa nini wanataka kujiunga. Safari hii msichana mmoja alijibu vizuri, akanyamaza, kisha akauliza kama naye anaweza kuuliza. Mchungaji akamruhusu. Akataka kujua, kama akienda chuoni mbali na baadaye akaacha kuja kanisani, ni nani kati yetu atakayemtafuta.

Wazee tulitazamana. Karani akafungua orodha ya nyumba, akaanza kuwagawa vijana wote pale pale, jina kwa jina, na kumuuliza kila mzee kwa sauti kama amekubali. Kazi hiyo ilichukua muda uliobaki wa kikao, na suala la zulia jipya likaahirishwa hadi Septemba.